Nilichoma miwati ya chemchemi kwa haraka zangu, sasa imerudi mara mia na mtoto wa watu ndo kabeba lawama

Shikamoo shangazi,

Naomba usinitaje jina wala usitaje kijiji maana huku kwetu tunajuana sana.

Nina miaka 34, nina mke na mtoto mmoja, kazi yangu fundi simu hapa Iringa mjini, kibanda, meza, blowa na viti viwili vya wateja. Shangazi hii kazi imenizoesha vibaya. Mtu analeta simu kioo kimepasuka, dakika arobaini kashaondoka nayo anacheka, haichaji tunabadilisha sistimu chaji dakika ishirini imewaka. Kitu kikinikatalia zaidi ya siku mbili mi namwambia tu mwenye nayo kaka hii imekufa, jipange ununue nyingine. Sasa na nyumbani nikawa hivyo hivyo, mtoto akichelewa kufunga kamba za viatu nafoka, chai ikichelewa nafoka, mpaka mwaka juzi kuna mteja aliniuliza mara ya nne "bado tu?" nikamrushia simu yake mezani ikaruka ikadondoka ikafa kabisa, nikalipa. Ndo mke wangu akasema wewe nenda na wale wenzako wanaopanda mlimani kung'oa miti, hizo hasira zikutoke kwa jasho huko huko.

Hao wenzangu ni watu wa kujitolea tu, kama kumi na tano hivi, kuna walimu, kuna mama mmoja wa mgahawa, vijana wa chuo, na wanakijiji wenyewe. Jumamosi mbili kila mwezi tunapanda gari pale Ipogolo tunaenda upande wa Kilolo kwenye chemchemi moja ambayo ndo inalisha bomba la kijiji. Hiyo chemchemi imezingirwa na miwati, ile miti ya kigeni inayobanduliwa gome. Haikupandwa na mtu, imejiotea yenyewe kutoka shamba la zamani la jirani imeshuka mpaka bondeni, na juu kidogo kuna mipaina nayo imeletwa na upepo. Wazee wanasema zamani maji yalijaa bomba zima hata mwezi wa kumi, siku hizi mwezi wa tisa tu akina mama wanapanga ndoo usiku.

Kiongozi wetu kwenye karatasi ni mwenyekiti lakini kiongozi wa kweli ni bibi mmoja wa pale kijijini, tunamwita Bibi tu, sabini na ushee. Shangazi huyu bibi ndo alikuwa ananimaliza. Anatandika gunia, anakaa chini kabisa ananyoosha miguu, anang'oa kamche kamoja, anakung'uta udongo urudi pale pale, anaukandamiza na kiganja, anakaning'iniza kwenye tawi, halafu ndo anakageukia kengine. Kutwa nzima kasogea kama hatua sita. Na anaanzia wapi? Pale kwenye mivengi, miti yetu ya asili, ambapo miwati yenyewe ni michache! Kile kichaka kikubwa cha chini, cheusi, hata jua haliingii, anakipita tu kama hakioni. Siku moja nikamuuliza Bibi mbona hatuanzi na adui mkubwa, akanijibu "kile hakijaniita bado". Nilikasirika nikaenda kukaa kwenye jiwe.

Na huku nyumbani kuna baba mkwe, ana ekari sita za mipaina kule Mafinga. Kila tukikutana kwenye shughuli ananiambia mbele za watu, mkwe, wenzio wanapanda miti wewe unang'oa, tena bure. Watu wanacheka. Mi nacheka nao lakini inauma.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mwaka jana mwezi wa kumi, nyasi zimekauka kabisa, nikachukua pikipiki siku ya Alhamisi peke yangu, sikumwambia mtu. Kule chini kulikuwa na marundo ya matawi tuliyokata mwanzoni, Bibi alikataza yasichomwe, yaachwe yaoze. Nikasema mimi leo namaliza hii kesi. Nikawasha. Shangazi ilikuwa raha kwa dakika kama kumi hivi, kichaka kinapasuka pasuka, nikaona kabisa nimewaokolea watu miaka mitano. Halafu upepo ukageuka. Moto ukapanda na nyasi mpaka kwenye mivengi michanga 23 aliyoipanda Bibi kwa mkono wake, akawa anaimwagilia kwa kidumu kila kiangazi. Nilijaribu kupiga na matawi, nikashindwa, nikapanda pikipiki nikakimbia.

Kumbe kuna mtoto wa darasa la sita alikuwa anachunga mbuzi upande wa pili. Watu walimuona anakimbia kutoka bondeni, na alikuwa anakimbilia kijijini kuita watu waje kuzima, lakini aliyemuona akaelewa vingine. Jumamosi tumefika tunakuta kikao cha kitongoji, mtoto kashachapwa, baba yake anatozwa faini elfu hamsini. Yule baba alikuwa kasimama kashika kisimu chake, kioo kimepasuka pasuka amekifunga na rababendi kisiachie, anawapigia ndugu kuomba mchango wa hiyo faini. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Sikusema kitu.

Mvua zilipochanganya nikajua sasa nimechoma mara mbili. Pale nilipochoma miwati imeota kama mtu kamwaga mbegu za mchicha. Januari nilichuchumaa nikaweka kiganja chini nikahesabu, miche kumi na moja kwenye eneo la kiganja tu. Bibi alifika akaangalia muda mrefu, akasema "haya, tumepata kazi", akanitazama. Au ni mimi tu nimeona hivyo, sijui.

Tangu hapo nimeenda mara moja tu. Maswali yangu shangazi: niseme, au ninyamaze nilipe kimya kimya kwa njia nyingine? Pili, kuna haja ya kuendelea kweli, mbona naona tunachota bahari na kijiko? Na tatu, hiyo subira watu wanaipata wapi, maana nilienda kule kuitafuta nikarudi na dhambi.

Fundi, Iringa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale pale, kwenye rababendi. Umeandika mambo mengi sana ya miti lakini wewe mwenyewe umeona kioo cha simu ya yule baba, ukakumbuka mpaka alivyokifunga. Kwa hiyo swali lako la kwanza ulishalijibu kabla hujaniandikia, ulichokuwa unatafuta ni mtu wa kukusukuma mgongoni. Haya, nakusukuma.

Utasema. Na usisubiri Jumamosi ya kazi ukatangaza mbele ya watu kumi na tano huku umeshika jembe, hiyo inageuka maigizo. Nenda siku ya kawaida, peke yako, anza kwa Bibi. Beba sukari na sabuni kama mtu anayeenda kwa mkubwa wake, kaa chini kabisa kama anavyokaa yeye, sema "Bibi, moto ule niliwasha mimi". Basi, nyamaza hapo. Usianze kueleza kwamba ulikuwa na nia nzuri, nia nzuri yako anaijua, ndo maana alisema "tumepata kazi" akakuangalia. Mimi nina hakika asilimia tisini yule bibi alijua siku ile ile. Mtu anayekaa chini kutwa nzima anaona alama za tairi.

Halafu mwombe Bibi akupeleke kwa wazazi wa yule mtoto, usiende mwenyewe, utapokelewa vibaya na utastahili. Pale unarudisha elfu hamsini yao, na unamwomba msamaha mtoto mwenyewe, kwa jina lake, baba na mama yake wakisikia, kwa sababu yeye ndo aliyechapwa fimbo zako. Tena aliyekimbia kwenda kuita watu ni yeye, wewe ulikimbia upande wa barabara. Ukishamaliza hapo ndo unaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akasafishe jina la mtoto kwenye kikao kile kile kilichomchafua. Kuwasha moto porini bila kibali ni kosa, wanaweza kukutoza na wewe, lipa bila kubishana. Unayouliza ya kulipa kimya kimya kwa njia nyingine sikubaliani nayo hata kidogo. Pesa unaweza kulipa gizani ila lile jina lilichafuliwa mchana, kwenye kikao.

Sasa tuje kwenye miti, na hapa nitaongea kidogo maana mimi miwati naijua. Nimezaliwa Njombe, nimesoma kwa miwati. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza kule mwaka 1949, na watu wa rika la baba yangu wengi wamebandua gome, gome la muwati lina tanini ambayo ndo inafanya ngozi mbichi ya ng'ombe iwe ngozi ya kiatu. Baba alikuwa anarudi mikono ya kahawia mpaka kwenye viwiko, haitoki na sabuni yoyote. Kuni zetu muwati, mkaa wetu muwati, fito za kuezekea muwati. Kwa hiyo mimi sio mtu wa kuuita adui, na nakushauri na wewe uache hilo neno, limekuponza. Ni mti wa kwao Australia, kusini mashariki huko, ukaletwa kufanya kazi, ukafanya. Shida inaanza ukitoka kazini ukaenda kukaa kwenye chemchemi.

Ulichokosea ni hiki. Mbegu ya muwati ni ndogo, nyeusi, ganda lake gumu kama kokoto. Ikidondoka inaweza kukaa kwenye udongo hata miaka 50 bado iko hai, imelala tu. Na kitu kinachoiamsha kuliko vyote ni moto! Joto linapasua ganda, mvua ikija inaingia, zinaota zote kwa mpigo, na chini pameshafunguka jua linaingia na majivu yapo, yaani umezitandikia kitanda na uji juu. Bibi alivyokataza kuchoma hakuwa na maringo ya uzee.

Ila kuna upande mwingine ambao hujauona kwa sababu umeacha kwenda. Zile mbegu zilikuwa kama hela mtu kaficha chini ya godoro, huzioni na huwezi kuzigusa, ungefyeka pale miaka ishirini zingekuwa bado zinatoka mbili tatu kila masika. Sasa nyingi zimetoka kwa mpigo. Kila mche unaong'oa ni mbegu moja imetoka kwenye akiba, na haurudishi nyingine mpaka ukue miaka kadhaa utoe maua na maganda. Hapo ndo una nafasi. Ukiiacha tu miaka mitano utakuwa umeweka akiba mpya kubwa kuliko ya kwanza, na kichaka kitarudi kinene kushinda kile ulichochoma. Kwa hiyo swali lako la pili nalo limejijibu, wewe ndo mtu wa mwisho kabisa kwenye kile kikundi mwenye haki ya kuacha. (Na usije ukasema basi shangazi kasema moto ni mzuri. Sijasema. Umeunguza mivengi 23 na mgongo wa mtoto.)

Kung'oa kwenyewe nadhani hujawahi kukuangalia vizuri, ulikuwa umekaa kwenye jiwe umenuna. Miche ya muwati inang'oka vizuri udongo ukiwa umelowa, kuanzia Januari mpaka Machi hivi, na ikiwa haijavuka goti. Shika chini kabisa karibu na udongo, vuta taratibu wima, utasikia mzizi unaachia wenyewe. Ukivuta kwa hasira unakatika shingoni na kisiki kinachipua. Haina miiba, mkono mtupu unatosha. Kung'uta udongo urudi kwenye shimo, kandamiza, kwa sababu udongo uliofukuliwa ukaachwa wazi ni mwaliko kwa mbegu nyingine. Na kale kakuning'iniza kwenye tawi ambako kalikukera, ni ili mizizi ikauke, ukiutupa chini kwenye matope wakati wa masika mwingine unajishikiza tena.

Ile mikubwa ambayo moto haukuua usiikate kiunoni ukaondoka, itatoa machipukizi. Ikate chini kabisa halafu bandua gome la kisiki lote mpaka linapoingia ardhini, baba yangu angekuonyesha kwa dakika moja. Mpaina ni rahisi, ukiukata chini ya matawi yake ya mwisho kabisa umekufa, hauchipui. Mlingoti, yaani mkaratusi, usipime, huo unachipua hata ukiwa umelala. Na pale kwenye mwinuko juu ya jicho la maji msisafishe pote kwa mara moja hata mkiwa mia, mvua ya kwanza itabeba udongo wote itauingiza kwenye chemchemi na mtakuwa mmeziba mlichokuja kuzibua. Magogo yalazeni kukingama mteremko yashike udongo. Kuni na fito akina mama wa kijiji wazibebe, hayo mengine yaoze.

Sasa hili la Bibi kuanzia kwenye mivengi, hapa nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuniangalia. Miaka ya 1960 huko Sydney, Australia, kulikuwa na dada wawili wa tumbo moja, Joan na Eileen Bradley, walikuwa wanatembea kwenye msitu jirani na kwao na kila wakipita wanavuta gugu hili na lile. Wakaona kwamba kila mahali watu walipokuja kufyeka kwa nguvu, magugu yalirudi mengi kuliko mwanzo. Wakajitengenezea utaratibu wao ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lao: anza penye uzima uelekee penye ugonjwa, usivuruge udongo zaidi ya lazima, na usisafishe eneo kubwa kuliko lile ambalo mimea ya asili inaweza kulifunika. Yaani kasi haipangi mwenye panga, inapangwa na mimea ya pale.

Fikiria mwenyewe. Ukiondoa muwati mmoja katikati ya mivengi, pale pembeni tayari kuna mizizi, kuna mbegu, kuna kivuli, kuna majani yaliyooza, pengo linazibwa na wenyeji kabla mgeni hajarudi. Ukivamia kichaka cha chini ambacho hakina mwenyeji hata mmoja aliyebaki, ukakisafisha chote, nani ataingia hapo? Muwati. Ndo huo uliokutana nao Januari, kumi na mmoja kwenye kiganja. "Kile hakijaniita bado" maana yake mivengi haijafika pale bado. Bibi wa Kilolo na wale dada wa Sydney hawajawahi kuonana, na mti wenyewe umetoka kwao hao hao! Mimi nikifika hapo huwa nasikia raha sana, samahani, nimetoka kwenye mada.

Baba mkwe. Huyu usimchukie na usibishane naye kwenye shughuli, utashindwa, ana ekari sita na wewe una gunia la kukalia. Na kwenye shamba lake yuko sahihi kabisa. Ukanda wetu huu mpaina ni benki, ni ada, ni bati, ukitoka Mafinga kwenda Makambako ni miti ya watu kushoto kulia, ya kupandwa. Mwambie siku mkiwa wawili, baba ile yako ipo shambani, hii ninayong'oa mimi ipo kwenye jicho la maji. Kama ni mtu wa sheria mkumbushe Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Halafu mpe heshima yake, mwombe ushauri. Mwambie tuna miwati mikubwa imeegemea chemchemi, wewe umeangusha miti miaka mingi, tuiangushie upande gani isivunje mivengi? Wakwe wanapenda kuombwa ushauri kuliko kubeba kreti za soda. Usishangae akija mwenyewe na panga lake kukosoa.

Nimebakiza subira, na hapa ndo sikubaliani na wewe kabisa. Unasema huna. Wewe unayekaa na lenzi jichoni unachomelea waya mwembamba kuliko unywele, unapanga skrubu kumi na mbili kwenye kifuniko cha soda kila moja sehemu yake ili usizichanganye, mtu asiye na subira angefanya hiyo kazi wiki moja akaacha. Subira ya mikono unayo. Usichoweza ni kuondoka na kazi haijaisha. Kwako kazi inaisha mteja akicheka, na chemchemi haina mteja wa kucheka saa kumi jioni. Wanaofaidi yale maji wengine wako mbali sana, maji ya Iringa yote mwisho wake yanaingia Rufiji, mtu wa kule hatakuja kwenye kibanda chako kusema asante fundi.

Kwa hiyo fanya hivi. Muombe Bibi akugawie kipande, na kiwe kwenye ukingo, pale moto wako ulipokutana na mivengi iliyopona. Kidogo, hatua nne kwa nne, ukichomeke vijiti vinne. Hicho ni chako, usiguse kingine mpaka chenyewe kitulie. Siku ya kwanza utakisafisha chote kwa saa mbili na utajiona mjanja. Wiki mbili baadaye utakikuta kijani tena, utataka kutukana. Tukana, halafu kaa chini ung'oe. Mara ya tatu angalia vizuri kabla ya kung'oa, kwa sababu katikati ya miwati kutakuwa na vitu vingine vimeanza, majani fulani, nyasi fulani, usivijue majina. Hapo ndo umuite Bibi uulize hiki nini, hiki niache? Utaanza kuogopa kukanyaga. Ukishaanza kuogopa kukanyaga ujue imeshaingia.

Na wewe ni mtu wa simu bwana, itumie. Tafuta jiwe (lile lile la kununia linafaa), simama hapo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi piga picha moja, upande ule ule, kimo kile kile. Usiziangalie mwezi kwa mwezi, utajiumiza bure, huwezi kuona kitu. Zifungue mwakani mwezi wa kumi, moja ya mwanzo na moja ya mwisho, umuonyeshe mwanao. Huyo naye mchukue siku moja moja muende wote. Mtoto anayechelewa kufunga kamba za viatu ana macho mazuri ya kuona miche midogo, na wewe ukimuona anavyokaa dakika ishirini na jongoo mmoja labda utaelewa kwa nini kamba zinachelewa.

Kuhusu mivengi 23: usikimbilie kununua miche ukaipeleke kama fidia ya duka. Okota mbegu, huwa zinadondoka zenyewe pale pale zikiiva, zambarau zile ndogo, ndege wanazipenda. Bibi akufundishe kuzipanda kwenye viriba, nyumbani kwako, uzimwagilie wewe mwenyewe kabla ya kufungua kibanda. Zikifika kimo cha kuhamishwa subiri mvua za mwisho wa mwaka. Ukiotesha ishirini na tatu tu, baadhi zitakufa, kwa hiyo otesha hamsini. Kiangazi kikifika kile kidumu alichokuwa anabeba Bibi sasa kibebe wewe, una pikipiki, na njia ya kule unaijua hata siku za Alhamisi.

Usipeleke kila kitu siku moja. Kwanza Bibi, kisha kwa wazazi wa mtoto, kisha kitongoji, mvua bado zipo, miche haijavuka goti, una wiki chache. Na siku utakayoenda pale kwa baba wa yule mtoto, kwenye begi lako la kazi weka kioo cha simu yake, na bisibisi ndogo.

Shangazi